Kichwa cha Hamadi na Daftari Langu

Nyinyi vijana mnaoanza kazi katika zahanati zetu hizi za Kwale, na koti jeupe na kipimo shingoni, nina neno moja la kuwakera kabla sijawachosha na mengine. Mtu wa kwetu ukimuuliza hujambo, usiandike jibu lake. Atakujibu kwa adabu aliyofunzwa na mamake, na adabu haikuambii kama mtu ni mzima au mgonjwa. Mimi niliandika. Niliandika kwa wino wa serikali, nikapiga na mstari chini, na yaliyompata mtu mmoja kwa ajili ya mstari ule ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Watu waliniita Dokta, lakini nilikuwa dresa. Dresa wa miaka ile ya hamsini alikuwa mtu wa kuosha vidonda, kufunga bendeji, kugawa kwinini na kupaka dawa ya zambarau mpaka watoto wa kijiji kizima wawe na midomo ya rangi moja. Zahanati yangu ilikuwa chumba kimoja cha bati, si mbali na Munje, na benchi la wagonjwa lilikaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Dawa zilikuwa chache, kwa hivyo mwenye tumbo na mwenye mgongo waliweza kuondoka na chupa ile ile. Haluli, ile chumvi ya kuharisha, ndiyo iliyokuwa jibu langu la kwanza kwa kila swali. Kuna mzee aliyezoea kusema kwamba ukimpelekea Dokta barua akusomee, atakunywesha haluli kwanza halafu ndipo aifungue.

Aliyenifunza kazi alikuwa Bwana Sefu, dresa mkubwa wa Msambweni, mfupi wa kimo na mkali wa ulimi. Ukifunga bendeji ikalegea aliifungua yote mbele ya mgonjwa, akakwambia, "Hii umemfunga mtu au umefunga mzigo wa muhogo?" Siku moja aliletewa mtoto aliyepasuka kichwa, damu imejaa mpaka kifuani, mamake analia kwa sauti. Bwana Sefu aliosha, akashona, akamrudishia mama mtoto wake. Halafu akaniita kando. "Kichwa kinachotoka damu humtisha mama mtu," akaniambia. "Kisichotoka damu ndicho kinachonitisha mimi. Mwenye kichwa hicho umlaze hapa siku nzima na usiku wake. Umwamshe, umzungumzishe. Na usimuulize vitu alivyovikariri, muulize vitu vya kufikiri." Nikamwitikia, "Ndiyo, bwana," kwa sauti ile ile mnayoniitikia nyinyi sasa, na maneno yakapita.

Nitaruka miaka kadhaa hapa, maana mambo mazuri ninayo machache na ningependa mlisikie hili mapema. Nilipokuwa Taru, huko bara kwenye vumbi na mbuzi, mama mmoja alinijia na kijana wake mchungaji aliyepigwa teke na punda. Kijana alikuja kwa miguu yake, akanisalimu vizuri, akakaa. Nikamwambia anitajie ng'ombe wa babake mmoja mmoja, jina na rangi, kama wanavyotoka zizini. Mamake akacheka, akasema mtoto huyu huwataja hata usingizini. Kijana akaanza. Akataja wanne, akarudi kwa wa kwanza, akataja watatu, akarudi tena. Mama akaacha kucheka. Lori la mkaa lilikuwa limesimama barabarani likielekea Mombasa, nikamsimamisha dereva kwa kumshika mkono, nikampakia kijana na barua. Hospitalini walimpasua siku ile ile wakakuta damu imeganda ndani ya fuvu, na aliishi mpaka akaoa. Wengi walinisifu kwa hilo. Sikuwaambia ni nani aliyelipia mafunzo yale.

Aliyelipia ni Hamadi.

Hamadi alikuwa mfuaji nazi katika shamba la bwana mmoja aliyekaa mjini, ambaye sisi hatukumwona, tulimwona msimamizi wake tu. Kama hamjawahi kuona mfuaji hodari, mmekosa kitu. Anasimamisha kifuo chake, ule mti uliochongwa ncha ukachomekwa ardhini, anaibamiza nazi mara moja, anaizungusha, mara ya pili, mara ya tatu, na makumbi yameanguka, nazi iko mkononi. Wengine walibamiza mara tano au sita. Hamadi mara tatu, siku nzima, huku akikuhadithia habari za harusi ya jirani. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mpole, msafi, na yeye na mkewe Mwanaidi walipendana kiasi cha kusemwa na majirani.

Kwa desturi ya shamba, wafuaji hukaa mbali mpaka wakwezi wamalize kuangua na kushuka. Siku aliyoumia, lori la kuchukua nazi lilikuwa limekuja mapema, na msimamizi akawaamrisha wafuaji waingie chini ya minazi wakati wakwezi bado wako juu. Likaanguka kole zima la nazi. Wenzake walisema ilikuwa nazi moja tu iliyompata, ubavuni mwa kichwa karibu na kipaji cha uso, na nyingine zikatawanyika. Alilala pale kwa muda wa kufua nazi tatu au nne, kisha akainuka, akajipangusa, akauliza kanzu yake iko wapi. Alikuwa hakuja na kanzu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mtu wa bara hatalijua. Kwetu tunasema nazi ina macho. Iko juu ya vichwa vyetu tangu tunazaliwa, watoto wanacheza chini yake, wanawake wanasuka makuti chini yake, na haimwangukii mtu. Ikimwangukia, watu huanza kuulizana amefanya nini. Kwa hivyo Hamadi aliletwa kwangu na wenzake wawili akiwa ameona haya kuliko maumivu. Alicheka na wenzake walicheka. Mimi nami nikacheka, nikamwambia, "Hamadi, nazi imekutafuta, ama umeitukana?"

Nilishika kichwa chake. Kulikuwa na uvimbe, hakuna damu. Nikamuuliza, "Hujambo?"

"Sijambo, Dokta, alhamdulillahi. Wewe hujambo? Watoto hawajambo?"

Sikuwa na watoto bado, na alijua. Mke wangu ndiyo kwanza alikuwa na mimba. Lakini nani anayepima maneno ya salamu? Nikaandika katika daftari la wagonjwa: "Hamadi, mfuaji nazi. Nazi imemwangukia. Hajambo. Arudi kazini kesho." Nikapiga mstari. Benchi nje lilikuwa na watu kumi na kitu wakinisubiri, na sitasema uongo kwamba nilisita. Sikusita hata kidogo. Nilimpa haluli.

Baada ya miezi kama miwili, Mwanaidi alinijia asubuhi. Nakumbuka vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na jino lililonikesha, shavu limefura.

"Umeamkaje, Dokta?"

"Salama, alhamdulillahi. Karibu, dada. Unaumwa na nini?"

"Mimi siumwi. Nimekuja kutafuta dawa ya kumrudisha mume wangu."

"Amekwenda wapi?"

"Hajaenda popote. Yuko nyumbani, amekaa mlangoni."

Akakaa, akanieleza kwa utaratibu, na macho ameyatupa sakafuni. Hamadi alikuwa akimtuma mtoto dukani, na mtoto akirudi anamtuma tena kwa kitu kile kile. Alicheka msibani kwa mjomba wake mpaka wakamtoa. Alimpiga mwanawe kwa sababu ya kijiko, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mtu kelele. Kichwa kilimuuma akikaa juani, na siku nyingine alilala mchana kutwa. Kazini alikuwa anaifua nazi vizuri kabisa, kisha badala ya kuiweka kwenye rundo anairudisha ile ile kwenye kifuo, inapasuka, maji yanamwagika, na yeye anaendelea kubamiza kifuu. Msimamizi alisema ni tembo la mnazi. Alimwachisha kazi mbele ya watu wote, akamwita mlevi, akawaambia waondoke katika nyumba ya shamba kabla ya Ramadhani.

"Na tembo hanywi?" nikauliza.

"Hamadi? Hamadi hata togwa alikuwa anainusa kwanza, isije ikawa imechacha." Akasogea karibu. "Na hilo ndilo jingine. Hanusi tena. Samaki ameoza, anakula. Sufuria inaungua, yuko kando yake. Juzi..." Alifunika mdomo na upindo wa leso. "Dokta, wewe ni kama kaka yangu, nitakwambia. Juzi nilijifukiza udi, nikavaa asumini nywele nzima. Tangu nimeolewa sijawahi kupita na asumini mbele yake bila ya neno. Akaniuliza mbona nimesimama."

Wazee wa upande wa Hamadi walikuwa wamekwisha kumchezea ngoma ya pepo siku tatu, na wengine katika idara yetu walikuwa wakiwacheka watu kwa mambo hayo. Mimi tangu siku ile sijacheka. Wale wa ngoma walikuwa wameona angalau kwamba mtu amebadilika. Daftari langu lilisema hajabadilika.

Mwanaidi hakujua kusoma. Akaniomba nimsomee nilichoandika siku ya nazi. Nikafungua, nikasoma, pamoja na "arudi kazini kesho."

"Nani alisema hajambo?"

"Yeye mwenyewe."

Akaniangalia shavu. "Na mimi nilipoingia nilikuuliza umeamkaje. Ulinijibu nini?"

"Salama."

"Jino hilo limekulaza?"

Nikasema halikunilaza. Wanangu, nimekaripiwa na wakubwa wengi katika maisha yangu, Wazungu kwa Waafrika, na wengine walinitupia daftari usoni. Hakuna aliyeniumbua kama mwanamke yule asiyejua kusoma, na hakuinua sauti.

Tulivuka Likoni kwenda Mombasa pamoja, yeye, Hamadi na mimi, kumtafuta wakili. Hilo la wakili lilitoka kwa karani mmoja rafiki yangu, aliyeniambia kuna sheria ya wafanyakazi wanaoumia kazini, na kwamba sheria hiyo haimngojei mtu milele. Muda ukipita, hata ukiwa na haki kama jua la adhuhuri, mlango umefungwa. Lishikeni hilo. Watu wetu huumia, hukaa nyumbani wakingoja kupona, wakiona haya kuonekana wadai, na ndugu wa tajiri wanakuja na kifurushi cha sukari na karatasi ya kutia kidole gumba. Kila mgonjwa wa kazini niliyempata baadaye nilimwambia mambo hayo kabla ya kufungua chupa ya dawa: usitie kidole, tafuta mwenye kujua, na aliyeona ajali mshike jina lake leo, kwa sababu kesho atahamia shamba jingine.

Wakili alikuwa Mhindi wa makamo, chumba chake kidogo juu ya duka la vitambaa, mafaili mpaka dirishani. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kabisa. Alimsalimu Hamadi, Hamadi akajibu kwa ukamilifu, akamuuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua. Wakili akanigeukia.

"Huyu ndiye mgonjwa?"

"Ndiye."

"Mbona ananishinda mimi kwa adabu?"

Mwanaidi ndiye aliyemjibu. Alimwambia yote, na ya asumini pia, ingawa hapo alitazama ukutani. Wakili aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza anataka nini hasa katika kesi hii, maana wengine huja wakitaka fedha, wengine wanataka kumwona msimamizi akifungwa.

"Nyumba nitajenga kwetu Munje," Mwanaidi akasema. "Makuti yapo, miti ipo. Lakini wanangu wanaitwa wana wa mlevi. Jina hilo watalivua wapi? Nataka iandikwe na serikali kwamba mume wangu aliumia."

"Iko iliyoandikwa na serikali tayari," akasema wakili, akagonga nakala ya ukurasa wangu niliyomletea, na upande wa shamba nao ulikuwa umekwisha kupata yao. "Hajambo, arudi kazini kesho. Kwa kesi hii ninataka watu wawili. Daktari wa mambo ya kichwa, na huyu aliyeandika hapa."

Aliyeandika hapo alikuwa amekaa mbele yake, akakohoa, akasema atahitaji ruhusa ya wakubwa.

Kwa daktari tulikwenda wiki iliyofuata, hospitali kubwa ya mjini. Alikuwa na vichupa vidogo katika sanduku. Alimfunga Hamadi macho kwa kitambaa, akampitishia karafuu puani, akamuuliza ni nini. Hamadi akasema, "Nzuri, alhamdulillahi." Akampitishia kahawa. "Nzuri." Akampitishia mafuta ya taa, na mimi niliyekaa upande wa pili wa chumba nikageuza uso. "Nzuri, alhamdulillahi," akasema Hamadi, na akatabasamu chini ya kitambaa.

Daktari alinieleza kwa subira ambayo sikustahili. Fuvu linaweza kuwa zima na kilichomo ndani kikawa kimeumia, kwa kuwa ubongo ni laini na fuvu ni gumu, na pigo huutupa huku na huku ndani mwake. Nyuzi za kunusia ni nyembamba, zinapita katika mfupa juu ya pua, na zinakatika kwa msukosuko ule. Zikikatika hivyo, basi sehemu ya mbele ya ubongo iliyo jirani nazo mara nyingi imeumia pia, na hiyo ndiyo inayomwambia mtu sasa anza, sasa acha, sasa nyamaza, hapa ni msibani. Mambo ya zamani yaliyozoeleka hubaki. Sala hubaki, salamu hubaki, mkono wa kufua nazi hubaki. Nikamuuliza kama atapona. Akasema kidogo, pengine, na si mwaka huu.

Sasa nifike pale ninapopaona vibaya. Nilikaa na jambo lile la ushahidi miezi mitatu. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, kazi ya serikali ilikuwa haiokotwi njiani, na dresa aliyesimama mahakamani kusema daftari lake si la kuaminika angejikuta anauza dagaa. Mwanaidi alikuja mara tatu kuniuliza, na mara tatu nikamwambia asubiri, barua iko njiani. Hakukuwa na barua. Aliniamini kila mara, au alijifanya ananiamini ili nisione haya, na sijui lipi kati ya hayo mawili linaniuma zaidi.

Halafu asubuhi moja Hamadi alikuja peke yake. Mkono wa kulia ulikuwa umechanika kiganjani, ngozi inaning'inia. Waliokuwa kwenye benchi walinieleza. Kumbe kila siku alikuwa anakwenda shambani alfajiri, anasimama kwenye kifuo chake, kwa sababu hakumbuki kwamba ameachishwa kazi. Vibarua wapya walimzoea, wakimrushia makumbi na kumwita mlevi, na siku ile mmoja alimsukuma akaangukia ncha. Akasimama mlangoni pangu, damu inadondoka sakafuni.

Mdomo wangu ukatangulia. "Hujambo, Hamadi?"

"Sijambo, Dokta, alhamdulillahi. Wewe hujambo? Watoto hawajambo?"

Nilimshona kiganja nikilia, na yeye akanipangusa shavu kwa mkono wake mzima, akaniambia nisiwe na wasiwasi, Mungu mkubwa. Nilipomaliza nilifunga mlango, wagonjwa wakanisamehe, nikaandika barua mbili. Moja kwa wakubwa wangu, nyingine kwa wakili.

Kesi ilisikizwa Kwale. Wakili wa shamba alianza na Hamadi mwenyewe, na alikuwa mtu mwerevu. Alimuuliza tu hali yake. Hamadi, katika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, alijibu vizuri, akamwombea hakimu umri mrefu, akauliza kama wamefika salama na mvua ile. Mkalimani akatafsiri yote. Hakimu, Mzungu mwenye nywele za mvi, alitabasamu, na niliona Mwanaidi ameshika benchi kwa mikono miwili.

Wakaniita mimi. Nikaonyeshwa ukurasa, nikakiri mwandiko. Wakili wetu akaniuliza nilipimaje kwamba hajambo.

"Nilimsalimu, bwana, akaniitikia."

"Halafu?"

"Halafu nikaandika."

Hakimu akainua uso. Akaniuliza mwenyewe, bila kumngoja wakili, kama daftari hili lina wagonjwa wengine walioandikwa hajambo kwa njia hiyo.

"Wote waliokuwa na nguvu za kunijibu," nikasema.

Watu walicheka mahakamani. Nilimwona mkubwa wangu wa idara katika kiti cha nyuma, na yeye hakucheka. Nilieleza yote: kanzu ambayo hakuja nayo, watoto ambao sikuwa nao, maneno ya Bwana Sefu niliyoyaacha yapite. Nilisema mtu yule aliumia mbele ya macho yangu na mimi nikaandika adabu yake badala ya kichwa chake. Baadaye nilihamishiwa Taru, na mmekwisha kusikia habari za Taru. Sikufukuzwa, na wakati ule nililiona jambo hilo kuwa bahati.

Baada ya barua ya daktari kusomwa, ilikuwa zamu ya Mwanaidi. Wakili alikuwa amemtayarisha. Alimwambia kwamba mahakama haitaamini mpaka isikie maisha ya nyumbani yalivyo, kila kitu, na mumewe akiwa amekaa pale. Mwanaidi alikuwa amemwomba amtoe Hamadi nje wakati huo, lakini upande wa pili ukakataa. Kwa hivyo alisimama na kusema, mbele ya watu wa Munje na Msambweni wanaomjua, jinsi anavyomvisha, anavyomzuia asile kilichooza, anavyomficha watoto siku akikasirika. Alisema kwamba analala na mtu mwenye sura ya mumewe. Hamadi alisikiliza yote. Alikuwa amekaa wima, akitikisa kichwa kwa huruma, mara moja moja akisema taratibu, "Lahaula."

Hakimu alikubali. Alisema Hamadi aliumia kazini, akiwa kazini, kwa amri ya kazi, na kwamba maneno ya ulevi hayana msingi wowote, na akaamrisha yaandikwe hivyo pamoja na fidia yake. Mwanaidi alimwomba mkalimani amrudilie sehemu ya ulevi mara mbili. Kisha akanihesabia kwa vidole watu atakaowaambia kwanza.

Tulitoka nje, sisi watatu, tukasimama chini ya ukuta wa mahakama kungoja gari la kuteremka. Hamadi alikuwa anafikiri jambo. Akamgusa mkewe begani.

"Mwanaidi."

"Labeka."

"Yule mtu waliyekuwa wakimsema mle ndani, ni wa wapi?"

Mwanaidi alimfunga kifungo cha shingo cha kanzu kilichokuwa kimefunguka, akakiweka sawa. "Ni wa kwetu," akasema.

"Maskini. Na mkewe yule ana kazi." Akavua kofia, akainua mikono, na kiganja kimoja bado kina bendeji yangu. "Tumwombee."

Tukainua mikono pamoja naye, mimi na Mwanaidi, na Hamadi akasoma dua ya mgonjwa mwanzo hadi mwisho, hakukosea hata neno moja, na sisi tukaitikia amin.